Kujitolea Kazini Ukitoka Kaya ya TASAF: Hatua Sita

Umemaliza chuo cha ualimu, umerudi Nyakatuntu, wilayani Kyerwa, na kaya yenu inapokea ruzuku ya TASAF (Mfuko wa Maendeleo ya Jamii). Matangazo ya ajira yanataka uzoefu, na njia iliyo karibu ni kujitolea kufundisha shuleni. Nenda, lakini nenda na karatasi.

1. Tenganisha kujitolea na ajira za muda. Kazi za TASAF kama kuchimba makinga maji au kukarabati barabara ya kijiji zina ujira. Kujitolea ni hiari. Ukiambiwa kaya itaondolewa kwenye mpango usipofanya kazi bure, omba agizo hilo kwa maandishi, kisha liwasilishe kwa kamati ya usimamizi ya jamii kijijini. Likikwama, mwone mratibu wa TASAF wa Halmashauri ya Kyerwa.

2. Kaa na wazazi. Msimu wa kahawa ukifika, nani atachuma na kuanika? Nauli ya bodaboda itatoka wapi? Ruzuku ina kazi zake, zikiwemo kliniki na shule za wadogo zako. Usiihesabu kuwa nauli.

3. Andaa nyaraka: namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA), cheti cha kuzaliwa, nakala za vyeti zilizothibitishwa na barua ya utambulisho ya mtendaji wa kijiji. Hizohizo zitakusaidia kujisajili kwenye Ajira Portal, mfumo wa maombi ya ajira serikalini, na TaESA, wakala wa huduma za ajira.

4. Omba rasmi. Barua iende kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri, ikipitia kwa mwalimu mkuu. Taja somo, shule na muda, mfano miezi sita.

5. Pata makubaliano yaliyosainiwa: majukumu, saa, msimamizi, posho kama ipo, na tarehe ya kumaliza. Hiyo ya mwisho usiiache wazi. Wapo wanaojitolea miaka, wakijaza pengo la mwajiriwa, kwa ahadi ya “subiri kibali cha ajira”.

6. Tunza daftari la kazi. Usiandike “nimefundisha”, andika: “Jumanne, Hisabati Darasa la V, mada ya sehemu, vipindi 2, nimesahihisha madaftari 41.” Msimamizi asaini kila Ijumaa. Muda ukiisha, daftari hilo ndilo litakalomrahisishia mwalimu mkuu kukuandikia barua ya uthibitisho yenye tarehe, majukumu na muhuri. Ukiombwa uendelee, rudi hatua ya tano kabla hujakubali.