MTOTO MNENE: NI AFYA AO NI UGONJWA?

Mama mpendwa, hapa Kamina tukiona mtoto mwenye mashavu makubwa tunafurahi. Wakwe wanasema, "Huyu mama anajua kulea." Ni kweli tunaogopa mtoto mwembamba, maana njaa tunaijua. Lakini si kila mwili mkubwa ni afya.

Kwanza angalia kama ni unene kweli. Tia vidole gumba juu ya miguu yote miwili ya mtoto, finya kwa sekunde 3, kisha ondoa. Kama shimo linabaki miguu yote miwili, hayo si mafuta, ni maji. Mara nyingi mtoto wa namna hii amevimba kwa kukosa chakula chema. Ni ugonjwa wa kwashiorkor, nao unaua. Usingojee siku ya kupima kilo. Mlete leo leo.

Kama shimo halibaki, lakini kilo zimepita kipimo cha urefu wake, huyo ni mnene. Watoto hawa wanaongezeka. Katika dunia nzima, mwaka 1990, watoto na vijana 8 kwa 100 wa miaka 5 mpaka 19 walizidi uzito. Mwaka 2022 walifika 20 kwa 100. Si ugonjwa wa Wazungu tu.

Unaingia namna gani nyumbani? Polepole. Mtoto anayenyonya ziwa anaacha mwenyewe akishiba. Lakini kwa biberoni mama anamsukuma amalize yote, hata akigeuza kichwa. Kisha unakuja uji wenye sukari nyingi. Kisha baba anarudi na biskuti na sukre, alama ya upendo wake. Mama, sikia: chupa moja ya sukre ya santilita 33 ina karibu gramu 35 za sukari, ndiyo vijiko vidogo 8 ao 9. Ungetia vijiko 8 katika chai ya mtoto? Ungelia bei ya sukari! Tena mtoto anashinda mbele ya televizyo, hachezi, analala usiku sana. Wengine wana unene wa jamaa yao, ao mama alikuwa na ugonjwa wa sukari wakati wa mimba. Kwa hiyo tusimcheke mtu.

Mtoto mnene vilevile anaweza kupungukiwa damu. Bukari na sukari zinatia kilo, lakini kujenga damu kunataka ndagala, nyama, maharagi na lengalenga.

Basi, usimfungishe njaa. Mtoto mdogo angali anakua. Tunangoja urefu wake ufikie kilo zake. Acha sukre, mpe maji yaliyochemshwa. Mwache akimbie uwanjani. Kwa mtoto mchanga, ziwa peke yake miezi 6, kisha chakula pamoja na ziwa mpaka miaka 2 na zaidi.

Siku ya kupima, leta fishi, umvue viatu mbele ya kumpandisha ku kilo. Na nyanya yake aje pia, maana mara nyingi ni yeye anayetia sukari ku uji.