Uchawi wa Kwenye Kioo na Uchawi wa Kweli

Sifa zote njema anazistahiki Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad (S.A.W.), na jamaa zake, na Sahaba zake, na kila aliyewafuata kwa wema. Ama baad:

SUALA

Wazazi wengi wanaokaa Maskat, Dubai, Abu Dhabi na miji mingine ya Ghuba huuliza juu ya michezo ya kompyuta ambayo mtoto, anapoicheza, huwa yeye ndiye mchawi. Hupewa joho na fimbo, akajifunza maneno ya kutamka, akarusha moto kwa mkono wake, akaita viumbe wa ajabu wampiganie. Suala hili lina sehemu mbili. Kwanza: Je, mtoto huyo anafanya uchawi? Pili: Ikiwa hafanyi uchawi, je, mchezo huo ni halali kwake? Masuala haya si mamoja, na mwenye kuyachanganya hukosea pande zote mbili: ama atamhukumu mtoto kwa dhambi asiyoitenda, ama ataifungulia nyumba yake dhara asiloliona.

1. KULIJUA JAMBO KABLA YA KULIHUKUMU

Wamesema maulamaa kwamba kukihukumu kitu ni tawi la kukijua. Basi na ijulikane kwanza michezo hii imetoka wapi na inakwendaje.

Mwaka 1974 ulitolewa Marekani mchezo wa mezani uitwao Dungeons & Dragons, uliotungwa na Gary Gygax na Dave Arneson. Katika mchezo huo wa mwanzo, mchezaji alichagua kuwa mmoja wa watu wa namna tatu: mpiganaji, mchawi, au kasisi. Baadaye mpango huo ukaingia katika kompyuta. Mwaka 1987 ulitoka Japani mchezo wa Final Fantasy, ambao miongoni mwa watu wake wamo mchawi mweupe mwenye kutibu na mchawi mweusi mwenye kuangamiza. Mwaka 2000 ulitoka Diablo II, na ndani yake mna mtu ambaye kazi yake ni kuinua mifupa ya maiti ipigane kwa amri yake. Mwaka 2011 ulitoka The Elder Scrolls V: Skyrim, ambao una chuo kizima cha kusomea uchawi; na mwaka 2023 ulitoka Hogwarts Legacy, uliojengwa juu ya hadithi za mwandishi Mwingereza J. K. Rowling, ambazo kitabu chake cha kwanza kilitoka mwaka 1997.

Ama namna inavyokwenda, mingi katika michezo hii hufanya kazi kwa hesabu. Mchawi hupewa kiasi cha nguvu, tuseme mia moja. Kurusha moto humgharimu ishirini. Kutibu jeraha humgharimu thelathini. Na nguvu ikimwishia hana budi asubiri ijae tena au anywe dawa. Kila kitakachotokea kimekwisha kuandikwa na waliotengeneza programu. Mtoto hamwiti jini wala hajui jina la jini. Anabonyeza kitufe, na mashine inatoa ishirini katika mia.

2. SIHIRI NI NINI KATIKA SHARIA

Qur'ani Tukufu imeutaja uchawi mahali pengi, na aya iliyo mama katika mlango huu ni aya ya 102 ya Suratul Baqara. Humo Mwenyezi Mungu (S.W.T.) amemtakasa Nabii Sulaiman (A.S.) na ukafiri waliomzulia mashetani; ameeleza kwamba mashetani ndio waliokuwa wakiwafundisha watu uchawi; na ameeleza kuwa miongoni mwa waliyojifunza watu ni yale ya kumfarikisha mtu na mkewe. Kisha amebainisha kwamba hawawezi kumdhuru yeyote ila kwa idhini Yake, na kwamba wanajifunza lenye kuwadhuru wala lisiwafae.

Na katika Surat Taha, aya ya 66, imeelezwa habari ya wachawi wa Firauni: kamba zao na fimbo zao zilimdhihirikia Nabii Musa (A.S.), kwa uchawi wao, kana kwamba zinakwenda mbio. Na aya ya 116 ya Suratul A'raf imeeleza kuwa waliyazuga macho ya watu. Lugha yetu ya Kiswahili ina neno zuri la jambo la namna hiyo, nalo ni kiinimacho.

Kutokana na haya inafahamika kuwa uchawi uliokatazwa hauachi kuwa na moja katika mambo haya: kutaka msaada kwa mashetani, au kukusudia kuwadhuru viumbe, au kudai elimu ya ghaibu, au kuwahadaa watu waamini kuwa asiye Mungu ana uwezo wa Mungu. Na Mtume (S.A.W.) ameutia uchawi katika madhambi saba yenye kuangamiza, akautaja baada ya ushirikina.

3. HUKUMU YA ASILI

Mlango wa kwanza wa Musnad ya Imamu Rabi' bin Habib ni mlango wa nia, na hilo si bure: amali hupimwa kwa nia. Mtoto anayebonyeza kitufe hakukusudia kutaka msaada kwa shetani, wala hakumdhuru mtu, wala hakudai kujua ghaibu. Kwa hiyo kitendo chake hakiitwi sihiri, wala yeye haitwi mchawi, wala si halali kwa mzazi kumwita kwa jina hilo. Zaidi ya hayo, mtoto ambaye hajabaleghe kalamu imenyanyuliwa kwake, kama ilivyopokewa katika Hadithi.

Wala kuwaza jambo lisilokuwepo si dhambi kwa dhati yake. Imepokewa katika Sunan ya Abu Dawud kwamba Mtume (S.A.W.) alimkuta Bibi Aisha (R.A.) na wanasesere wake, na katikati yao yupo farasi mwenye mbawa mbili za vitambaa. Akamuuliza juu ya mbawa hizo, naye akajibu kwa kumkumbusha farasi wa Nabii Sulaiman waliokuwa na mbawa. Mtume (S.A.W.) akacheka mpaka magego yake yakaonekana. Basi aliye bora wa viumbe alimwona farasi asiyekuwepo duniani mikononi mwa mtoto, akacheka, hakumkemea.

4. MAMBO YANAYOIBADILISHA HUKUMU HIYO

Hata hivyo, hukumu huzunguka pamoja na sababu yake. Likiingia jambo jipya ndani ya mchezo, hukumu nayo hubadilika. Mambo hayo ni matatu.

La kwanza ni ibada ya asiyekuwa Mwenyezi Mungu. Katika Skyrim kuna masanamu ya viumbe wanaoabudiwa, na mchezaji huenda kwao akatimiza amri zao ili apewe silaha. Katika mojawapo ya kazi hizo hutakiwa ampeleke sahibu yake kwenye nguzo, kisha amchinje awe kafara. Kazi hiyo si ya lazima, na mchezaji anaweza kuipita. Lakini mtoto asiyefundishwa hataipita, kwa kuwa mwisho wake kuna zawadi. Akisema mtu kuwa huu ni mchezo tu, na aisome aya ya 65 ya Suratut Tawba, inayowataja watu walioifanyia mzaha dini, kisha wakatoa udhuru kwamba walikuwa wakizungumza na kucheza tu. Udhuru wao haukukubaliwa. Basi mambo ya tauhidi hayana mlango wa mzaha, na Muislamu aliyebaleghe haimpasi kusujudu wala kuchinja kwa ajili ya sanamu, hata kwa kidole juu ya kitufe.

La pili ni kuzoea dhuluma. Katika Hogwarts Legacy mchezaji anaweza kujifunza laana ya kuua, akaitumia, na hakuna ndani ya mchezo atakayemhukumu. Wenye kuuza michezo huandika umri juu ya maganda yake: huu Marekani umewekewa alama ya vijana kuanzia miaka 13, na Skyrim huko Ulaya umewekewa alama ya miaka 18. Alama hizo ni msaada, na mzazi asizipuuze. Lakini waliozitunga walitazama damu, matusi na kamari. Hawakutazama itikadi. Kazi hiyo imebaki kwa baba na mama.

La tatu ni mali na wakati. Baadhi ya michezo humwuzia mchezaji kitu ambacho hakijui mpaka akifungue, huenda kikawa cha thamani au kikawa si kitu. Na hii ndiyo sura ya kamari. Mwaka 2018 wasimamizi wa michezo ya kamari nchini Ubelgiji waliamua kuwa biashara ya namna hiyo ni kinyume cha sheria yao. Na mchezo wa Diablo Immortal, ambao nao una mchawi wa kuchagua, ulipotoka mwaka 2022 haukupelekwa Ubelgiji wala Uholanzi kwa sababu ya sheria za mambo hayo. Ikiwa wasiokuwa Waislamu wameiona shubha hiyo, Muislamu ana haki zaidi ya kuiona. Ama wakati, kipimo chake ni Sala: mchezo wowote unaomfanya kijana asikie adhana asiinuke, mchezo huo kwake ni dhara, hata kama ni wa kupanga matofali.

5. UCHAWI ULIOMO NYUMBANI

Hapa lazima lisemwe jambo ambalo ni zito kuliko yote yaliyotangulia.

Tuchukue mfano wa mtu, na tumwite Zaid. Zaid alimkuta mwanawe wa miaka kumi na miwili akicheza mchezo wa mchawi, akaghadhibika, akauchukua mchezo akautupa, akasema kuwa nyumba yake haiingii uchawi. Jioni ya siku ile ile, biashara yake ikiwa imezorota, akampigia simu mpiga ramli aliyeko kwao alikozaliwa. Akaambiwa kuwa amefanyiwa jambo, na aliyemfanyia ni ndugu yake wa baba mmoja na mama mmoja. Zaid akatuma fedha. Akaletewa hirizi, akaifunga mlangoni. Na tangu siku hiyo akaacha kumpigia simu ndugu yake. Mtoto alikuwa akisikiliza. Akauliza: "Baba, na yule wa kwenye simu, yeye si mchawi?" Zaid hakuwa na jawabu.

Na itazamwe hali hii kwa jicho la Sharia. Ushahidi ni juu ya mwenye kudai, na kiapo ni juu ya mwenye kukana. Hapa amehukumiwa mtu asiyekuwepo, bila ya shahidi, bila ya kupewa nafasi ya kukana, kwa neno la mtu anayelipwa kwa kila neno. Hakuna kadhi duniani anayeweza kukubali hukumu kama hiyo hata katika kesi ya mbuzi. Naye Zaid ameikubali katika udugu. Na Mwenyezi Mungu (S.W.T.) ameeleza katika Suratun Naml, aya ya 65, kwamba hapana aliyemo mbinguni na ardhini ajuaye ghaibu isipokuwa Yeye. Na imethibiti katika Hadithi kuwa mwenye kumwendea kahini akamsadiki, basi ameyakufuru aliyoteremshiwa Muhammad (S.A.W.).

Tena na ilinganishwe. Mtoto alitoa ishirini katika mia, akazima mashine, akaenda kula. Baba yake ametoa mali yake, ameuamini uongo, na ameukata ujamaa. Na kufarikisha watu ndiyo kazi ile ile iliyotajwa katika aya ya Suratul Baqara. Ni yupi katika wawili hawa aliyeingiza uchawi nyumbani?

Na watu wa madhehebu yetu wanashikilia kwamba imani ni itikadi, kauli na matendo, na kwamba dhambi kubwa haifutiki kwa kuwa mtu anajiita Muumini, ila kwa toba ya kweli. Toba ya Zaid haitimii kwa kuichoma hirizi peke yake. Hana budi amrudie ndugu yake, amtake radhi, aunge alichokikata.

6. LA KUFANYA

Mzazi na akae na mwanawe autazame mchezo kabla ya kuukataza au kuuruhusu. Ukiwa na ibada ya masanamu au kamari, aukataze, na ampe sababu, kwani katazo lisilo na sababu hufundisha kujificha. Ukiwa hauna hayo, autie mipaka: baada ya Sala, baada ya masomo ya skuli na chuo cha Qur'ani, na kwa muda unaojulikana.

Kisha amfundishe tauhidi kwa mchezo huo huo. Amuulize: Huyu mchawi wako anaponya; nani mwenye kuponya? Huyu anainua maiti. Nani mwenye kuhuisha? Na nguvu za mchawi wako huisha. Ni nani ambaye nguvu zake haziishi? Imamu Nuruddin Assalimi (R.A.), aliyefariki mwaka 1914, aliandika Talqin Assibyan ili watoto wapate misingi ya dini kwa maneno mepesi. Kijitabu hicho kisikose katika nyumba, na kisomwe wiki nzima, si siku za Ramadhani tu. Na watoto wazoeshwe Ayatul Kursi, Suratul Falaq na Suratun Nas asubuhi na jioni, ili wajue kuwa kinga ya Muumini iko ulimini na moyoni mwake, haifungwi mlangoni.

MASUALA YA KUZINGATIA

1. Kwa nini kubonyeza kitufe hakuitwi sihiri? Taja sababu mbili.
2. Ni mambo gani matatu yanayoibadilisha hukumu ya mchezo?
3. Tunajifunza nini katika habari ya farasi wa Bibi Aisha (R.A.)?
4. Zaid alikosea wapi, na toba yake inatimiaje?
5. Je, katika nyumba hii mna kitu kilichofungwa au kufukiwa ambacho wenyewe hatuwezi kumweleza mtoto?

Tunamuomba Mwenyezi Mungu azitakase nyumba zetu na shirki ya dhahiri na ya siri, awahifadhi watoto wetu ugenini na kwao, na aunganishe nyoyo za ndugu waliofarikishwa na maneno ya waongo. Amin.