KUPIMA MAJI YA TANGI KWA MWANGWI NA MTANDAO WA SIMU

Mkoa wa Songwe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya. Upande wa kaskazini unateremka hadi bonde la Ziwa Rukwa, penye joto, karibu mita 800 juu ya usawa wa bahari. Upande wa kusini umeinuka katika nyanda za baridi za Mbozi na milima ya Ileje. Mpakani na Zambia upo mji wa Tunduma, ambamo hupita barabara kuu na reli ya TAZARA. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu katika mji huo watu wasiofika 100,000. Sensa ya mwaka 2022 ilikuta zaidi ya 200,000. Mji unaokua kwa kasi hiyo hauchelewi kuzidi uwezo wa mabomba yake. Ndiyo maana shule, zahanati na nyumba nyingi hutegemea tangi: maji yanapotoka hukingwa, na yanapokatika watu huishi kwa akiba.

Akiba hiyo ina kasoro moja: haionekani. Tangi limeinuliwa juu ya mnara, na hakuna apandaye kila siku kuchungulia. Katika shule ya bweni, mara nyingi habari ya kwanza ya kwisha kwa maji ni koki inayokoroma alfajiri, uji ukiwa haujainjikwa. Kama habari hiyo ingefika siku moja kabla, mkuu wa shule angeweza kupunguza ufuaji, kuagiza boza la maji, au kutafuta mahali bomba linapovuja. Makala haya yanaeleza jinsi kifaa kidogo cha elektroniki kinavyoweza kuleta habari hiyo, na kwa nini anayekitumia hana budi kuielewa fizikia yake.

1. Sehemu za chombo

Chombo cha kupimia kina sehemu nne. Ya kwanza ni kihisi, yaani kifaa kinachogeuza jambo la kimaumbile kuwa ishara ya umeme. Ya pili ni mikrokontrola, ambayo ni kompyuta nzima iliyofinywa katika kipande kimoja cha silikoni: ina sehemu ya kukokotoa, kumbukumbu, na miguu ya kupokelea na kutolea ishara. Ya tatu ni redio ya kupeleka habari, na ya nne ni betri, ambayo kwa kawaida huchajiwa kwa paneli ya sola.

Mikrokontrola si jambo jipya. Kampuni ya Texas Instruments ilianza kuuza ya kwake, TMS 1000, mwaka 1974. Kilichobadilika ni urahisi wa kuipata na kuitumia. Mwaka 2005 walimu na wanafunzi wa chuo kimoja mjini Ivrea, Italia, walibuni bodi ya Arduino ili hata asiye mhandisi aweze kuiandikia programu. Mwaka 2014 kampuni ya Espressif ya Shanghai ilitoa kipande kiitwacho ESP8266, chenye redio ya Wi-Fi ndani yake. Tangu hapo, kazi iliyohitaji maabara imewezekana juu ya meza ya darasa.

2. Kupima kwa mwangwi

Kihisi kinachotumika sana kwa matangi hufanya kazi kama popo. Hufungwa chini ya mfuniko, kikitazama maji, kisha hutoa mlio mfupi wenye mitetemo ipatayo 40,000 kwa sekunde. Sikio la binadamu halisikii mitetemo inayozidi 20,000 kwa sekunde, kwa hiyo mlio huo hausikiki. Sauti hugonga uso wa maji na kurudi kama mwangwi, na mikrokontrola hupima muda uliopita.

Kwa kuwa sauti imekwenda na kurudi, umbali kutoka kihisi hadi uso wa maji ni nusu ya kasi ya sauti mara muda:

Umbali = (kasi × muda) ÷ 2

Kasi ya sauti hewani, kwa mita kwa sekunde, hupatikana kwa ukaribu wa kutosha kwa kanuni hii, ambamo T ni joto la hewa kwa nyuzi za Selsiasi:

Kasi = 331 + 0.6 × T

Mwanafunzi anaweza kudhani kwamba mwinuko wa nyanda za juu, ambako hewa ni nyepesi, hubadili kasi hiyo. Sivyo. Kanieneo na uzito wa hewa hupungua pamoja kwa uwiano, na athari zake hufutana. Kinachobadili kasi ni joto, na jambo hili litarudi mbele.

Chukulia tangi la mcheduara lenye kipenyo cha ndani cha mita 1.8, na kihisi kilichofungwa mita 2.25 juu ya kitako. Hewa ina nyuzi 20, na mwangwi umerudi baada ya milisekunde 7.0, yaani sekunde 0.007. Kasi ni 343, hivyo umbali ni 343 × 0.007 ÷ 2, sawa na mita 1.20. Kina cha maji basi ni 2.25 − 1.20, yaani mita 1.05.

Mambo mawili yazingatiwe wakati wa kufunga kihisi. Kwanza, kihisi cha aina hii hakiwezi kuona kilicho karibu nacho mno, kwa sababu ngozi yake huendelea kutetema kitambo baada ya kutoa mlio. Kwa hiyo iachwe nafasi ya sentimita 25 au zaidi kati yake na maji ya tangi lililojaa. Pili, sauti husambaa kwa umbo la pia. Kihisi kikiwa karibu na ukuta au bomba la kuingizia maji, kitapokea mwangwi wa bomba badala ya maji.

3. Kutoka kina hadi lita

Eneo la kitako cha tangi hili ni 3.14 × 0.9 × 0.9, yaani mita za mraba 2.54. Kila sentimita moja ya kina ni lita 25.4. Kina cha sentimita 105 kina lita 2,667. Kama shule ina wanafunzi 200, na kila mmoja hutumia lita 10 kwa siku, matumizi ni lita 2,000 kwa siku. Akiba iliyopo haifiki siku moja na nusu: ni takriban saa 32.

Hapa ndipo faida kubwa ilipo. Namba ya lita peke yake husema machache. Namba zilizofuatana husema mengi. Mathalani, kati ya saa 4 usiku na saa 10 alfajiri, wanafunzi wakiwa wamelala, kina hakipaswi kubadilika. Kikishuka sentimita 6 katika saa hizo 6, zimepotea lita 152, sawa na lita 25 kwa saa. Kwa siku nzima ni lita 600, mgawo wa wanafunzi 60. Mvujo huo unaweza kuwa wa koki moja ya choo ambayo hakuna aliyeishughulikia.

4. Baridi ya usiku na mwizi asiyekuwepo

Ni dhahiri kwamba hesabu ya namna hii inaweza kumtia mtu hatiani. Maji yakionekana kupungua usiku, mtu wa kwanza kuulizwa ni mlinzi. Kwa hiyo ni wajibu kujua kwanza kama kipimo chenyewe ni cha kweli.

Chukulia kwamba programu imeandikwa na mtu aliyeona inatosha kutumia kasi moja, 343, wakati wote. Ni mwezi wa Julai huko Mbozi. Jioni hewa ndani ya tangi ina nyuzi 22, na alfajiri ina nyuzi 12. Maji hayakuguswa, umbali halisi ni mita 1.20 nyakati zote mbili. Jioni kasi halisi ni 344.2, na mwangwi hurudi baada ya milisekunde 6.97. Alfajiri kasi ni 338.2, na mwangwi huchukua milisekunde 7.10. Programu isiyojua habari ya baridi itaandika umbali wa mita 1.196 jioni na mita 1.217 alfajiri. Kwa maneno mengine, itatangaza kwamba uso wa maji umeshuka sentimita 2.1, na kwamba lita 53 zimetoweka.

Hakuna mwizi wala mvujo. Kilichobadilika ni hewa. Dawa yake ni kuweka kipimajoto kidogo ndani ya tangi, karibu na kihisi, ili programu ikokotoe kasi upya kila inapopima. Kipimajoto kisiwekwe nje, kwani hewa iliyo ndani ya tangi jeusi lililopigwa na jua huwa na joto kuliko hewa ya kivulini.

5. Kipimo kimoja hakitoshi

Maji yanayoingia hufanya mawimbi, na matone ya mvuke huganda juu ya kihisi. Kwa hiyo mikrokontrola hupima mara kadhaa mfululizo. Tuseme imepata, kwa sentimita, 120, 121, 120, 64 na 121. Wastani wake ni 109.2, namba ambayo si kweli hata kidogo, kwa sababu mwangwi mmoja wa uongo umeivuta. Afadhali kutumia mediani, yaani thamani ya katikati baada ya kuzipanga kwa ukubwa: 64, 120, 120, 121, 121. Mediani ni 120. Kosa moja haliwezi kuitikisa.

6. Safari ya ujumbe

Kama tangi liko karibu na ofisi, redio ya Wi-Fi yatosha. Likiwa kilimani, mbali na majengo, hutumika kifaa chenye laini ya simu, ambacho hutuma ujumbe mfupi au data. Kifaa hicho hakihitaji kuwa macho wakati wote. Hulala kwa kutumia umeme kidogo mno, huamka kila baada ya dakika 15 kupima, na hutuma habari pale tu panapo la kusema. Wakati wa kutuma, redio ya simu huweza kuvuta ampea 2 kwa kitambo kifupi. Betri dhaifu haihimili. Volti hushuka, mikrokontrola huzimika na kuwaka tena, na ujumbe haufiki. Wengi hulaumu mtandao, kumbe kosa ni la betri.

Katika mji wa mpakani kama Tunduma lipo jambo la ziada. Laini ya simu huweza kunasa mnara wa nchi ya pili, hasa ule wa nyumbani unapozidiwa. Salio hukatwa kwa bei ya nje, au ujumbe hukwama. Kwa hiyo programu iamrishwe kutumia mtandao mmoja uliotajwa, wala isiachiwe ijichagulie.

Aidha, ukimya lazima uwe na maana. Mpokeaji asiyepata ujumbe huelekea kudhani kwamba mambo ni shwari. Kifaa kipangiwe kutuma salamu walau mara moja kwa siku hata kama hakuna jipya, na salamu isipofika, ichukuliwe kuwa ni hatari.

7. Nani anapokea?

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walifanya jaribio katika eneo la Kyuso, kaunti ya Kitui nchini Kenya. Katika mipini ya pampu za mkono waliweka vifaa vilivyohesabu mwendo wa mpini na kutuma habari kwa mtandao wa simu. Pampu ikinyamaza, mafundi walijua. Kabla ya hapo, pampu iliyoharibika ilikaa wastani wa siku 27 bila kutengenezwa. Wakati wa jaribio muda huo ulishuka chini ya siku 3.

Funzo la Kyuso lisomwe kwa makini. Vifaa havikutengeneza pampu hata moja. Waliotengeneza ni mafundi waliokuwa na vipuri, usafiri na jukumu la kwenda. Kadhalika, kihisi cha tangi hakiongezi hata tone la maji. Kabla ya kununua chochote, shule iamue ni nani atakayepokea ujumbe, atafanya nini maji yakishuka chini ya robo, na nani atashika nafasi yake akisafiri. Tena, mara moja kwa juma, mwanafunzi aingize kijiti chenye alama za sentimita ndani ya tangi, akisimamiwa na mwalimu, na kukilinganisha na namba iliyotumwa. Vikitofautiana, kijiti ndicho kinachoaminiwa mpaka sababu ijulikane.

Mazoezi

1. Hewa ndani ya tangi lililotajwa ina nyuzi 25, na mwangwi unarudi baada ya milisekunde 5.8. Tafuta kina cha maji na idadi ya lita.

2. Kihisi kimetoa vipimo hivi kwa sentimita: 96, 97, 31, 96, 98. Tafuta wastani na mediani. Ni kipi kinachofaa, na kwa nini?

3. Kifaa kimewekewa kasi ya sauti ya nyuzi 18 huko Vwawa, kisha kimepelekwa Kamsamba, bondeni Rukwa, ambako hewa ndani ya tangi ina nyuzi 33. Je, kitaonyesha maji mengi kuliko yaliyopo, au machache? Kosa hilo lina hatari gani?

4. Chora grafu ya kina cha maji cha tangi la shule yenu kwa siku tatu, mkipima kwa kijiti kila baada ya saa mbili. Onyesheni saa za matumizi makubwa, na mchunguze kama mstari unalala wakati wa usiku.

Majibu: (1) Mita 1.25, takriban lita 3,175. (2) Wastani 83.6, mediani 96; mediani, kwa kuwa haivutwi na mwangwi wa uongo. (3) Mengi kuliko yaliyopo. Watu watadhani wana akiba hali imekwisha.