SOMO: MAJI YA CHINI YANATEMBEA

Hapa Kolwezi mtu akichimba kisima anasema: "Mayi yangu iko safi, matope ya kiwanda iko mbali." Tupime neno hilo.

1. Maji ya chini hayalali. Yanashuka kutoka mahali usawa wake uko juu kwenda mahali uko chini. Henry Darcy alionyesha sheria yake kule Ufaransa mwaka 1856.

2. Mfano. Kutoka lundo la matope, kama lile la Kingamyambo, mpaka kisima tuweke mita 500. Usawa wa maji unashuka mita 5. 5 ÷ 500 = 0,01. Tuseme udongo unapitisha maji kwa kipimo cha mita 1 kwa siku, na nafasi wazi ndani yake ni 0,1. Basi 1 × 0,01 ÷ 0,1 = mita 0,1 kwa siku. Mita 500 ni siku 5000, karibu miaka 14! Kisima ni kizuri leo. Mtoto atakikuta kimeharibika.

3. Lakini katika nyufa za mawe ya dolomia maji yanakwenda mbio. Tena pompi za mgodi zinaweza kugeuza njia yake. Kwa hiyo wataalamu wanagawa ramani kwa miraba kama daftari la hesabu, ordinateri inahesabu kila mraba, halafu wanalinganisha na visima vilivyopimwa kweli. Bila kupima, hesabu ni ndoto.

Maswali: (a) Tuchimbe upande gani wa lundo? (b) Kuchemsha kunaua vijidudu; je, kunaondoa shaba na kobalti? (Hapana. Juu ya nini?)