Kwenye Hili, Msiniheshimu

Wanafunzi wenzangu, wengi mnanijua kwa jina la Ticha. Nina miaka 43. Nilifundisha sekondari miaka kumi na tano kabla ya kurudi chuoni kutafuta digrii, na hosteli nakaa na vijana ambao ningeweza kuwazaa. Mhula uliopita nilipotea machoni penu wiki sita, na waliouliza waliambiwa tu, "Ticha anaumwa." Leo naeleza nilichoumwa, maana nilipewa onyo mapema nikalidharau, na sitaki mwingine arudie kosa lile.

Jioni ya onyo

Ilikuwa wiki moja kabla ya UE. Nilikuwa nakula wali maharage kafteria, mara kijiko kikaniponyoka mkono wa kulia. Nikakiokota, kikaanguka tena. Mkono ulikuwa kama si wangu. Nikataka kusema kitu, maneno yakatoka yamepinda. Dogo ninayekaa naye chumba kimoja akashtuka: "Ticha, mbona unaongea kama umelewa?"

Baada ya dakika kama 15 kila kitu kikarudi. Mkono ukashika, ulimi ukanyooka. Dogo akasema, "Samahani Ticha, twende hospitali." Nikamkatisha: "Mimi mzima bwana, ni uchovu wa kukesha tu." Akanyamaza. Kijana atabishanaje na mtu wa umri wa baba yake? Nikalala saa 5 usiku.

Saa 11 alfajiri niliamka, mguu wa kulia unaburuta na mdomo umeenda upande. Kwenye korido kuna aliyesema nimepigwa na upepo mbaya, nitafutiwe mafuta nichuliwe. Safari hii dogo hakuomba ruhusa. Aliita bajaji, akanibeba na mwenzake, tukaondoka.

Kilichotokea kichwani

Kiharusi kipo cha namna mbili: mshipa wa damu kwenye ubongo unaziba, au unapasuka. Kwa namna zote mbili, sehemu ya ubongo inakosa damu, na ubongo hauna akiba ya kujihifadhia. Wataalamu wamekadiria kwamba mshipa mkubwa ukiziba, chembe za ubongo zipatazo milioni 1.9 hufa kila dakika.

Kile cha kafteria kilikuwa kiharusi cha kupita: damu ilizuiwa, kisha njia ikafunguka yenyewe. Watu wengi wakifika hapo wanamshukuru Mungu na kwenda kulala, kama mimi. Kumbe hatari ya kupata kiharusi kamili ni kubwa zaidi katika siku mbili za mwanzo. Kwa hiyo dalili zikipita, ndiyo kwanza safari ya hospitali ianze.

Daktari aliuliza swali moja mara tatu: "Mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi?" Sikuelewa kwa nini. Baadaye akaeleza kwamba ipo dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, lakini kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu, na saa hizo zinahesabiwa tangu ulipoonekana mzima, siyo tangu ulipoamka. Mimi nilionekana mzima saa 5 usiku. Muda ulishapita nikiwa usingizini.

Presha yangu ilisoma 190 kwa 110. Kipimo cha CT-Scan kilionyesha hakuna damu iliyovuja, ni mshipa mdogo ulioziba. Kikaitwa kiharusi kidogo. Na chanzo nilikijua: nilikuwa nimeacha dawa za presha miezi minne, kisa najisikia vizuri. Presha haipigi hodi, jamani. Unaweza kutembea nayo miaka usiumwe hata kichwa.

Kujifunza upya

Chembe zilizokufa hazirudi. Ila sehemu nyingine za ubongo zinaweza kujifunza kazi ya zile zilizokufa, kwa sharti moja: kurudia, kurudia, kurudia. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinipa vibanio vya nguo nivibane kwenye kamba mara mia kwa siku. Nilifunga na kufungua vifungo vya shati. Nilinunua daftari la watoto wa darasa la kwanza, nikaandika a, e, i, o, u. Mimi, mwalimu! Siku ya kwanza nililia. Kila jioni nilisoma gazeti kwa sauti ili ulimi uzoee.

Kitu ambacho hakionekani kwa macho ni uchovu. Nikisoma nusu saa, nalala saa mbili. Na huzuni inakuja bila taarifa. Mkiwa na mwenzenu anayepona, msimwambie "mbona umeshapona". UE niliahirisha kwa barua na vyeti vya daktari. Sasa naandika, ila taratibu.

Mbebe haya

Msidhani huu ni ugonjwa wa wazee tu. Sikoseli, matatizo ya moyo, presha na sigara vinaweza kuuleta hata kwa kijana.

Ukimwona mtu amebadilika ghafla, angalia mambo matatu. Mwambie atabasamu: je, uso umeenda upande? Mwambie ainue mikono yote miwili: je, mmoja unashuka? Mwambie aseme sentensi fupi: je, maneno yanaeleweka? Hata jibu moja likiwa baya, andika saa aliyoonekana mzima mara ya mwisho, kisha hospitali haraka. Usimpe chakula wala maji, anaweza kupaliwa. Usimpe aspirini, maana kama mshipa umepasuka, utaongeza kuvuja damu. Akiwa hajitambui lakini anapumua, mlaze kwa ubavu.

La mwisho ni kwenu vijana. Jioni ile dogo aliona sawa, mimi nikakosea, na heshima ikamfunga mdomo. Kwenye kiharusi, msimheshimu mkubwa anayesema "niacheni, nimepona". Mbishieni, mbebeni, ataomba radhi baadaye. Mimi nimeshaiomba. Siku hizi dogo kila asubuhi ananiamkia, "Shikamoo Ticha, umemeza dawa?" Namjibu marahaba, nikiwa na kidonge mkononi. Mkono wa kulia.