Pesa ya Maziwa na Chupa ya Ujana

Mdogo wangu wa Kesses, nimekupata. Mama ana miaka 68, magoti yanamsumbua akipanda kutoka upande wa bwawani, na binamu amemletea vitamini D na mafuta ya samaki "vya kuzuia uzee". Bei ni shilingi 4,500. Ukikataa utaonekana mchoyo, ukikubali pesa ya maziwa imeenda.

Usimgombeze binamu, naye alijazwa maneno kwenye semina. Muulize tu: vimejaribiwa kwa akina nani? Akianza habari za jirani aliyetupa mkongojo, mwambie magoti huwa na wiki yake nzuri hata bila kidonge.

Sasa, hivi viwili vimejaribiwa kweli. Kule Marekani, utafiti uitwao VITAL uliandikisha watu 25,871, wanaume wa miaka 50 kwenda juu na wanawake wa 55 kwenda juu. Watu weusi walikuwa zaidi ya 5,000, kwa hivyo asikuambie "hao ni wazungu". Kura ndiyo iliyoamua nani apewe vitamini, nani mafuta ya samaki, nani vidonge visivyo na dawa ndani, na mmezaji hakujua anameza kipi. Miaka mitano na ushee ikapita. Saratani na matatizo makubwa ya moyo yaliwapata wa makundi yote karibu sawasawa. Mwaka 2022 yakatoka matokeo ya mifupa: waliopewa vitamini D walivunjika kama wenzao tu.

Lakini sikiza hapa. Wengi wao hawakuwa na upungufu wa vitamini hiyo. Mwenye upungufu ni habari nyingine kabisa. Kogo, yaani bibi mzee, asiyetoka nje ya nyumba anaweza kuhitaji vitamini D, hata huku kwetu jua linakowaka karibu na ikweta. Na kama mama anameza metformini ya sukari miaka nenda rudi, B12 yake inaweza kushuka, miguu ikaanza kufa ganzi, nyinyi mkasema ni uzee. Hilo hujulikana kwa kupima damu. Siku yake ya kliniki muombe daktari, na hiyo chupa mwende nayo aisome, hasa kama mama ana dawa za presha.

Mimi pesa hiyo ningenunua mayai, maharagwe na omena, ambayo huliwa pamoja na mifupa yake. (Najua, wazee wetu wengine wakiona omena hugeuza uso. Mpikie na nyanya nyingi, usimtangazie.) Mursik, maziwa yetu ya kuchacha, anayo tayari. Na mazoezi ya kuinuka kitini bila kushika, mara kumi asubuhi, mara kumi jioni, hayauzwi na mtu.

Kwa binamu sema hivi: "Tunangoja majibu ya damu." Akiuliza ni lini, mwambie tarehe ya kliniki, kisha umkaribishe chai.