Madaftari ya Mtandao: Mafunzo Niliyopata Katika Kuunganisha Mitandao

Kazi yangu ni kuunganisha mtandao wa kampuni yetu hapa Dar es Salaam na mitandao ya wenzetu. Wengi hudhani kazi hiyo ni nyaya na ruta. Nyaya zipo, lakini sehemu kubwa ya siku yangu hupita kwenye daftari: tumejiandikisha wapi, kwa namba gani, na kama yaliyoandikwa bado ni kweli. Intaneti ni mitandao zaidi ya 70,000, kila mmoja na mwenyewe, kila mmoja na namba yake ya utambulisho. Huelezana njia kwa itifaki ya BGP, ambayo toleo lake la kwanza lilichapishwa mwaka 1989, na itifaki hiyo kwa asili yake haidai ushahidi. Mtandao ukitangaza kwamba anwani fulani ziko kwake, jirani anapokea. Ni mali kauli, kama ile ya Kariakoo: mzigo unatoka dukani kwa neno la mtu, na biashara nzima inasimama juu ya daftari lililoandikwa vizuri.

1. Mzizi wa yote uko kwa msajili wa kanda

Barani Afrika, namba na anwani za intaneti hutolewa na AFRINIC, yenye makao Mauritius, iliyotambuliwa rasmi mwaka 2005. Wahandisi wapya huvutiwa zaidi na PeeringDB, hazina ya wazi iliyoanzishwa mwaka 2004, ambamo mitandao ya dunia nzima huandika ipo katika vituo gani vya kubadilishana trafiki na iko tayari kuunganishwa kwa masharti gani. Lakini ukienda PeeringDB kudai kwamba mtandao fulani ni wako, mfumo wake husoma kwanza rekodi za msajili wa kanda. Barua pepe yako ikilingana na iliyoko kule, unapitishwa. Isipolingana, ombi linakwenda kwa wasimamizi wa kujitolea, nao watataka uthibitisho.

Nimeshuhudia mtandao mmoja wa mkoani ukikwama hapo hapo. Mawasiliano yake yote kwa msajili yalikuwa kwa jina la mhandisi mmoja. Nilipompigia simu mkuu wao wa ufundi alinijibu, "Kaka, yule alishahamia benki, na ile domeni yenyewe tuliiacha zamani." Barua pepe ikishakufa, hata kiungo cha kubadilishia nywila hakifiki. Ndiyo maana nasisitiza kila ninapopata nafasi: weka anwani ya kitengo, inayosomwa na watu zaidi ya mmoja, na iwe kwenye domeni ambayo kampuni haitaiacha.

2. Kuwepo kituoni bila kuonekana ni nusu ya kuwepo

Vituo vya kubadilishana trafiki katika kanda yetu vilipatikana kwa kupigania. Nairobi ilifungua KIXP Novemba 2000. Telkom Kenya ikalalamika kwamba kituo kinaingilia haki yake ya pekee ya kubeba trafiki ya kimataifa, na mdhibiti akakifunga. Watoa huduma walieleza kwa subira kwamba kituo kinabakiza nyumbani trafiki ya nyumbani, na Februari 2002 kikafunguliwa tena. Chetu cha Dar es Salaam, TIX, kilianza mwaka 2004. Kabla ya hapo, barua pepe ya kutoka Posta kwenda Mikocheni iliweza kupanda setilaiti, kushuka Ulaya au Marekani, na kurudi kwa njia ile ile, kila safari ikilipiwa kwa dola.

Kwa hiyo huniuma kuona mtandao umelipia bandari kituoni halafu rekodi yake ya PeeringDB haitaji kituo hicho. Mhandisi wa kampuni kubwa ya maudhui anapopanga aunganishwe na nani Afrika Mashariki, anasoma humo. Google na Cloudflare, kwa mfano, hutaka mtandao uwe na rekodi PeeringDB kabla ya kuunganishwa nao. Vituo vingi sasa hutoa orodha ya wanachama wao katika muundo unaosomwa na mashine, na PeeringDB huilinganisha na ulichoandika wewe. Taarifa ya kutolingana ikija, ishughulikie siku hiyo hiyo. Mara nyingi ni tarakimu moja ya anwani, na tarakimu hiyo moja inatosha kuzuia muunganiko usiinuke.

3. Hati ya njia iandikwe kwa kubana

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo madhara makubwa yalipo.

Tarehe 24 Februari 2008, Pakistan Telecom ilikuwa ikitekeleza amri ya mdhibiti wa nchi yake ya kuzuia YouTube. Ikatangaza bloku ya anwani 256 za YouTube. Tangazo lilikusudiwa libaki ndani ya nchi, lakini likavuja kwa PCCW ya Hong Kong, nayo ikalisambaza. YouTube yenyewe ilikuwa ikitangaza bloku pana zaidi, yenye anwani 1,024. Ruta ikiwa na njia mbili za kufikia anwani moja, hufuata ile yenye bloku finyu. Kwa takriban saa mbili, trafiki ya YouTube kutoka pembe nyingi za dunia ilielekezwa Pakistan na kupotelea huko. YouTube ilijinasua kwa kutangaza nayo bloku ya anwani 256, kisha mbili za anwani 128.

Tangu mwaka 2011 wasajili wa kanda hutoa huduma ya RPKI. Mwenye anwani hutengeneza hati yenye saini ya kidijitali, iitwayo ROA, isemayo: bloku hii itangazwe na namba hii tu, na isigawanywe zaidi ya kiasi hiki. Ruta inayokagua hati hizo hulikataa tangazo lisilolingana nazo. Hati sahihi ya bloku ya anwani 1,024, pamoja na majirani wanaokagua, ingelisimamisha tangazo lile mapema.

Hatari iko kwenye kile kipimo cha kugawanya. Wengi huruhusu hadi bloku za anwani 256 ili wasisumbuke siku za mbele, hata kama hawazitangazi. Lakini hati hii hukagua namba iliyo mwishoni mwa njia tu, haikagui njia nzima. Mwenye nia mbaya anaweza kubandika namba yako mwishoni mwa njia yake, akatangaza bloku finyu uliyoiruhusu wewe mwenyewe, na ruta zikaiona halali na kuifuata. Mwongozo wa RFC 9319 wa mwaka 2022 unashauri hati itaje kile tu unachokitangaza kweli. Mimi ningeufanya kuwa sharti.

4. Kikomo cha njia kiwe na nafasi

PeeringDB ina mahali pa kuandika idadi ya juu ya njia ambazo jirani atarajie kutoka kwako. Mashine za wengine husoma namba hiyo na kuiweka kwenye ruta zao. Ukiizidi, muunganiko unakatwa papo hapo. Ukipata wateja wapya wenye bloku zao, namba hiyo ipande kabla yao.

5. Safisha rekodi zilizoachwa na wengine

Kuna daftari jingine, la siku nyingi: sajili za njia za intaneti. RADb, inayoendeshwa na Merit Network ya Michigan, imekuwepo tangu miaka ya 1990, na AFRINIC ina ya kwake. Programu kama bgpq4 husoma humo na kutengeneza vichujio vya ruta bila mtu kuhusika. Tatizo ni kwamba baadhi ya sajili hizi, kwa miaka mingi, zilimruhusu mtu mwingine aandike kwa niaba yako. Mtoa huduma uliyeachana naye anaweza kuwa amebakiza humo maandishi yanayosema bloku yako inatoka kwake. Tafuta kila bloku yako katika sajili zote, na uombe yafutwe yasiyo yako. Ukiandika jina la kundi la namba zako PeeringDB, taja pia sajili lilipo, maana jina moja linaweza kuwepo katika sajili mbili likiwa na maana mbili.

6. Pigia simu yako mwenyewe usiku

MANRS, juhudi iliyoanzishwa mwaka 2014 ya kulinda njia za intaneti, inaweka mawasiliano yaliyo hai katika orodha moja na vichujio, kuzuia anwani za kughushi, na kusajili njia hadharani. Naiunga mkono kwa moyo wote. Njia za mtu zikivuja usiku wa sikukuu ya Idi, kinachohitajika ni sauti ya mtu wa zamu mwenye ruhusa ya kugusa ruta. Kwa hiyo namba za simu tulizoziweka hadharani tunazipigia wenyewe, kwa saa zisizotarajiwa, na tunamuuliza aliyepokea kama anaweza kuzima muunganiko bila kumwamsha bosi.

7. Mpangilio una maana

Bloku mpya ikija, tunatengeneza ROA kwanza, kisha rekodi ya sajili ya njia, kisha tunapandisha kikomo PeeringDB kama kinahitajika. Halafu tunasubiri, kwa sababu hati huchukua saa kadhaa kuenea na mitandao mingi huunda vichujio vyake mara moja kwa siku, usiku. Hapo ndipo tunatangaza. Tunaangalia kwenye ruta za umma za nchi za mbali kama njia imefika na kama inasomeka kuwa halali. Bloku inapohama kutoka kwa mtoa huduma mwingine, hati yake ya zamani hatuigusi mpaka trafiki yote iwe imehamia kwetu; ikifutwa mapema kuliko mpya kuenea, wateja ndio wanaokatikiwa.